Nyumba ya Mjumbe: Somo la Bwana Krapf na Bibi Rosine katika Unguja

Kabla ya kulisoma somo hili, yafaa kusoma kwanza Matendo ya Mitume, mlango wa 18 wote, na Warumi 16:3–5.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu na wainjilisti, jina la Bwana Johann Ludwig Krapf mmelisikia mara nyingi. Twajua ya kuwa alikuwa wa kwanza kuanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, na ya kuwa mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya. Walakini watu wengi wakimtaja Krapf humtaja kama mtu aliyekuwa peke yake. Sivyo. Alipofika Unguja mwezi wa Januari 1844 alikuwa na mkewe, Bibi Rosine, na hata miezi saba haijatimia kaburi la bibi huyo lilikuwa limechimbwa pwani ya Mombasa. Mwezi huu twataka kujifunza habari za nyumba yao, kisha tujiulize: Kanisa likimtuma mtu, je, humtuma yeye tu, ama huituma nyumba yake yote?

1. Jinsi walivyofika Unguja

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 karibu na mji wa Tübingen katika nchi ya Württemberg, Ujerumani ya kusini, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri. Alisoma Basel, mji wa Uswisi, kisha akatumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani C.M.S. Mwaka 1837 alifika Uhabeshi. Huko alikaa katika ufalme wa Shoa, na moyo wake ukawaelekea sana watu wa Oromo. Mwaka 1842 alishuka mpaka Misri, akamwoa Rosine Dietrich, binti wa Basel.

Arusi yao haikufuatwa na raha. Walipotaka kurudi Shoa walikuta njia imefungwa. Mwaka 1843, wakiwa safarini katika nchi kavu iliyo nyuma ya bandari ya Massawa, Bibi Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mtoto wa kike akazaliwa, akaishi saa chache tu. Walimpa jina la Eneba, maana yake katika lugha ya nchi ile ni chozi, wakamzika chini ya mti kando ya njia. Hawakuweza kukaa pale kuomboleza, maana waongozi wa safari hawakutaka kungoja.

Basi Krapf akawaza kuwaendea Waoromo kwa njia ya kusini, yaani kwa pwani ya Waswahili. Mwezi wa Novemba 1843 wakapanda chombo huko Aden. Chombo kile kikaingia maji baharini, nusura kizame. Wakaokolewa, wakarudishwa Aden, ndipo wakasafiri tena kwa chombo kingine. Ulikuwa ni wakati wa kaskazi, upepo ule uliovileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi kila mwaka. Mwanzo wa Januari 1844 wakatia nanga Mombasa, na tarehe 7 Januari wakafika Unguja. Siku nne baadaye Bwana Krapf alitimiza miaka 34. Bibi Rosine alikuwa ameanza kuchukua mimba ya pili.

2. Miezi ya Unguja

Mji wa Unguja wa siku zile haukuwa kama huu tuuonao leo. Jumba la Beit al-Ajaib halikuwapo bado, wala kanisa la Mkunazini. Maji ya kunywa yalitekwa visimani. Maji ya mfereji yaliletwa mjini baadaye, zamani za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Nyumba za mawe zilisongamana upande wa Shangani, na vichochoro vilikuwa vyembamba. Bandarini palijaa pembe, karafuu na gundi ya sandarusi. Tena palikuwa na biashara nyingine, ile ya kuuza watu. Watumwa waliletwa kutoka bara na kuuzwa sokoni mbele ya macho ya kila mpita njia. Mke na mume waliokuja kuhubiri habari ya Mungu Baba wa watu wote hawakuweza kukaa katika mji huo bila kuyaona hayo.

Mtawala alikuwa Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa ameihamishia baraza yake Unguja kutoka Maskati. Krapf alipelekwa kwake na Bwana Hamerton, balozi wa Uingereza. Sayyid alimpokea kwa heshima, hata akampa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaagiza wamtendee mema mgeni huyu, kwa kuwa ni mtu mwema mwenye nia ya kuwaleta watu kwa Mungu. Ndugu zangu, tulikumbuke jambo hili. Mlango wa kwanza wa Injili katika pwani yetu ulifunguliwa kwa ruhusa ya mfalme Mwislamu, wala hakulazimishwa kwa bunduki.

Siku za Jumapili Krapf aliwahubiri Wazungu wachache waliokuwapo mjini, Waingereza na Waamerika. Siku nyingine alikuwa kama mtoto wa shule, akiuliza majina ya vitu na habari za makabila ya bara. Alikuwa na elimu ya lugha nyingi, walakini Kiswahili kilimtaka aanze upya: kuomba maji, kuuliza bei, kuitikia salamu. Na katika kazi hii mke hayuko nyuma ya mume. Mume husoma lugha ya baraza na ya vitabu. Mke huisoma lugha ya jikoni, ya kisimani na ya uzazi. Katika miji ya pwani mwanamume mgeni hukaribishwa barazani, lakini ndani haingii. Mwanamke huingia. Atakaa mkekani pamoja na wenziwe, atauliza habari za watoto, atajua nani ni mgonjwa na nani amefiwa. Kwa hiyo yeye asemaye kwamba mke wa mjumbe yupo tu kwa kumpikia mumewe, hajaujua mji wa Waswahili.

Mwezi wa Machi Krapf alitangulia peke yake kwenda kuiangalia pwani. Akapita Pemba na Tanga hata akafika Mombasa. Bibi Rosine akabaki Unguja. Mimba yake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa, ndugu zake wote walikuwa Ulaya, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amezikwa jangwani. Habari za siku zile twazipata kwa kalamu ya mumewe, na kalamu ya mume husimulia zaidi habari za safari yake mwenyewe. Hata hivyo kungoja nako ni kazi ya misioni. Kazi hiyo huandikwa mara chache sana katika taarifa za mwaka.

3. Mvita, na kaburi la pwani

Mwezi wa Mei 1844, kusi ilipokwisha kuanza kuvuma kuelekea kaskazini, nyumba hii ndogo ilihamia Mombasa. Krapf aliuchagua mji huo kwa kuwa uko karibu na watu wa bara. Kadhi mmoja wa Mombasa, Ali bin Mohedin, alikubali kumsaidia katika lugha, na tarehe 8 Juni 1844 wakaanza pamoja kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Fikirini, ndugu: maneno ya kwanza ya Biblia yetu yalipimwa na Mlutheri na kadhi wa Kiislamu wakiwa wameketi pamoja. Aliyekuja kufundisha alikubali kwanza kufundishwa.

Mwezi mmoja haujapita, homa ikaingia nyumbani. Tarehe 6 Julai Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikamshika yeye, na mumewe alikuwa mgonjwa vilevile, hata hakuwa na nguvu ya kumwuguza. Siku zile hakuna mtu duniani aliyejua ya kuwa homa hii huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897 na mganga Ronald Ross huko Bara Hindi. Watu walidhani hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa.

Katika ugonjwa wake Bibi Rosine aliwaombea jamaa zake, akaiombea kazi ya Injili na nchi ya Afrika ya Mashariki, akamwombea na Sayyid Said, ili Mungu amwelekeze moyo kuwatakia raia zake wema wa milele. Tarehe 13 Julai 1844 akafariki. Kesho yake, siku ya Jumapili, alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Mtoto hakukawia kumfuata mama yake. Krapf, akiwa bado dhaifu, aliwaandikia wakubwa wa chama chake Uingereza ya kuwa sasa liko kaburi la mjumbe wao katika pwani hii, nalo ni alama kwamba kazi imeanza na haitaachwa. Hakuomba kurudishwa kwao.

4. Je, alikosa kumleta?

Swali hili ni zito, wala hatupendi kulipita upesi kwa maneno matamu. Wengine husema, Krapf hakufanya vema kumleta mwanamke mwenye mimba katika nchi ya homa. Wengine hujibu, Rosine hakuletwa kama mzigo. Naye aliitwa, naye alikubali. Tutazame nyumba nyingine mbili, tupate kupima.

Ya kwanza ni ya Bwana Johannes Rebmann, mtu wa Gerlingen katika Württemberg, aliyemfuata Krapf mwaka 1846. Katika mwaka huo wakaweka kituo Rabai. Ndiye aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Mwaka 1851 alimwoa Bibi Emma, wakakaa pamoja karibu na Rabai miaka kumi na mitano. Mtoto wao aliishi siku chache tu. Bibi Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann alibaki, macho yake yakaingia giza, hata mwaka 1875 akarudi Ulaya akiwa kipofu. Aliyemshika mkono katika safari hiyo alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mjumbe asiye na mwana alipata mwana katika watu aliowatumikia.

Ya pili ni nyumba ya Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere wa misioni ya U.M.C.A. walihamia mjini. Misioni ile ilipenda kutuma watu wasiooa, wasiolipwa mshahara. Steere alikuwa na mke, lakini mkewe alibaki Uingereza. Steere alifanya kazi kubwa: alikitengeneza kitabu cha sarufi ya Kiunguja kilichotolewa mwaka 1870, na baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873 alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini palepale penye soko. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa katika kanisa hilo, mbali na mkewe. Basi hata yeye ambaye hakuileta nyumba yake, nyumba yake ililipa.

Lakini angalieni jambo jingine. Tozer na Steere walipofika, Sayyid Majid aliwapa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wanaume wale wakawa hawana budi kuwalisha, kuwavika na kuwalea. Mmoja wa wavulana wa kwanza wa nyumba hiyo, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Kanisa la Unguja halikuanza kwa mkutano mkubwa. Lilianza kwa watoto wachache walioketi kula pamoja katika nyumba moja.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Hakuna njia ya kumtuma mtu isiyoigharimu nyumba yake. Akienda na mke na watoto, wao watashiriki homa na upweke wake. Akiwaacha, watashiriki kutengwa naye. Krapf hakukosa kwa kumleta mkewe. Walio na hatia ni wale watumao mtu na kusahau kwamba ana nyumba.

5. Mambo ya kujifunza sisi

Kwa hao wanaotumwa. Leo familia changa itokayo Moshi, Bukoba au Njombe ikitumwa Unguja, huvuka kutoka Dar es Salaam kwa boti muda wa saa mbili hivi. Safari imekuwa fupi, lakini ugeni haujaondoka. Mama atafika kati ya majirani ambao karibu wote ni Waislamu. Kiswahili chake cha bara kitachekwa kidogo. Asikasirike, akichekwa na acheke pamoja nao, kisha ajifunze. Kiswahili kilichofanywa sanifu siku za Waingereza kilitokana na Kiunguja, na Biblia nzima ya kwanza, ile ya mwaka 1891, ilikuwa ya Kiunguja; basi yeye amekuja mahali ambapo maneno ya kitabu chake yalitoka.

Watoto wafundishwe kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo na kungoja marahaba. Mtu asiingie nyumba ya watu bila hodi. Katika mwezi wa Ramadhani nyumba ya mjumbe isile wala isinywe mbele za watu mchana, nao wakiletewa sahani ya futari waipokee kwa shukrani. Na sahani hiyo isirudi tupu. Jirani akifiwa, mama na aende akakae na wafiwa, na baba na aende mazikoni. Mambo haya hatuyafanyi kama mtego wa kunasa watu. Twayafanya kwa kuwa tumeamriwa kumpenda jirani, na jirani ni huyo aliye ukuta kwa ukuta nasi. Mtu akiuliza sababu ya tumaini letu, tutamjibu waziwazi na kwa upole. Asipouliza, upendo wetu haukupotea.

Tena mke asifanywe mtumishi wa kazi ya mumewe bila kuulizwa. Akila na Prisila walishona hema pamoja, wakamkaribisha Paulo pamoja, na Apolo alipohitaji kufundishwa zaidi, wote wawili walimchukua kwao. Twaona ya kuwa Mtume huwataja wote wawili kuwa watenda kazi pamoja naye. Mume anayetaka kuhamia kituo kipya na asikie kwanza sauti ya mkewe.

Kwa hao wanaotuma. Sharika zetu hupenda sana siku ya kuagana: kwaya huimba, mjumbe huwekewa mikono, sadaka hutolewa. Mwezi wa tatu barua hukoma. Basi yatupasa kuuliza mambo ya nyumbani, wala si hesabu ya waliobatizwa peke yake. Je, nyumba wanayokaa inavuja wakati wa masika? Mama akijifungua, ni nani wa kumwosha mtoto? Watoto wanasoma wapi, na ada imelipwa? Je, kuna vyandarua vya kutosha? Malaria imepungua sana Unguja katika miaka hii, kwa kazi ya serikali na wauguzi. Lakini upweke hauna dawa ya kunyunyiza ukutani. Dawa yake ni barua, ni simu, ni mgeni anayevuka bahari kuja kula nao siku ya sikukuu.

Tena tusiwahukumu kwa hesabu. Bibi Rosine hakumwona Mkristo hata mmoja wa pwani hii. Mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi ile ya Rabai alikuwa Mringe, mtu kilema, naye alibatizwa mwaka 1851, miaka saba baada ya Rosine kuzikwa. Mwaka huohuo alifariki. Wangalihesabiwa kwa taarifa za mwaka, kituo kile kingalifungwa. Lakini habari zilizoandikwa na wale wawili, Krapf na Rebmann, zilizielekeza Misioni nyingi kwenye nchi hizi, na mwaka 1893 wajumbe wa Leipzig walifika Kilimanjaro. Sisi tusomao gazeti hili tu matunda ya nyumba ile iliyofiwa.

6. Maswali ya kuulizana katika darasa

1. Krapf alipokea msaada kwa Sayyid Said na kwa Kadhi Ali bin Mohedin. Je, sisi tumepata mema gani kwa majirani wasio wa imani yetu, na tumewashukuru?

2. Soma tena Matendo 18:24–28. Nyumba ya Akila na Prisila ilimsaidia Apolo namna gani, ambayo mimbari haikuweza?

3. Je, ilikuwa vema Krapf kumleta mkewe, au vema Steere kumwacha wake? Kila mtu na atoe sababu, na wanawake wa darasa wasemwe kwanza.

4. Usharika wetu umemtuma nani, au umepokea nani kutoka mbali? Taja majina ya mke na ya watoto wake. Ikiwa hakuna awajuaye, ni nani atakayewaandikia juma hili?

Swali hilo la nne, ndugu waalimu, msiliache mpaka limejibiwa. Mtu mmoja na atajwe kwa jina kuwa ndiye atakayeandika, na mwezi ujao aulizwe kama ameandika. Bibi Rosine alipokuwa akingoja Unguja mwezi wa Machi 1844, barua ya kutoka kwao Basel ingalikawia njiani miezi mingi. Yetu haikawii hata siku moja. Basi tusiwe na udhuru.